Kupima kaboni ogani iliyoyeyuka baharini pwani na kujua kinachoipandisha: hatua kwa hatua

Chota lita moja ya maji ya pwani, ichuje mpaka yang'ae, na bado ndani yake mna kaboni: sukari, vipande vya protini, mabaki ya majani na udongo yaliyosafiri na mto, na maelfu ya molekuli nyingine ambazo nyingi hazijatambuliwa bado. Hiyo ndiyo kaboni ogani iliyoyeyuka. Maabara huiandika DOC, nami nitatumia kifupi hicho. Bahari zote kwa pamoja zinakadiriwa kuwa na petagramu 662 za kaboni hii, na petagramu moja ni tani bilioni moja. Ni takriban mara 200 ya kaboni iliyomo katika viumbe vyote hai vya baharini.

Pwani ndiko DOC inakobadilika upesi zaidi, na ndiko mabadiliko yake yanakogusa maisha moja kwa moja. Bakteria huila na kutumia oksijeni wakati wanaila. Sehemu yake yenye rangi huzuia mwanga usifike kwenye nyasi bahari na matumbawe. Hushikana na metali kama shaba na hivyo kubadili sumu yake kwa viumbe. Kwa hiyo anayetaka kuielewa ghuba yake hawezi kuiacha DOC nje.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mtafiti au mhifadhi anayeanzisha vipimo vyake mwenyewe. Kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko yote: usikitaje kisababishi chochote cha DOC kupanda au kushuka kabla hujafanya hesabu ya uchumvi, yaani kutenga kwanza ile DOC inayotokana na maji ya mto na ya bahari kuchanganyika tu. Hatua za mwanzo zote zinakutayarisha kwa hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha panga vituo kwa uchumvi

"DOC ya hapa ni kiasi gani?" ni swali lisilo na mwisho. Uliza kitu chenye jibu. Je, mikoko ya ghuba hii inaongeza DOC juu ya ile iliyoletwa na mto? Baada ya mvua kubwa, kiwango huchukua muda gani kurudi chini? Je, bomba la majitaka linaonekana kwenye takwimu au limemezwa na mto?

Wengi hupanga vituo kwa umbali, kila baada ya kilomita kadhaa. Pwani haipangwi kwa rula. Nenda na boti ukiwa na kipima uchumvi, na usimame kila uchumvi unapopanda kwa vizio 3 hadi 5, kuanzia 0 mtoni mpaka 35 hivi baharini. Kati ya 0 na 10 ongeza vituo, kwa sababu hapo sehemu ya asidi za humiki, zitokanazo na mimea na udongo uliooza, huganda na kutoka majini mara zinapokutana na chumvi.

Vituo viwili havina mbadala: kimoja mtoni, juu kabisa ya mahali maji ya chumvi yanapofikia, na kimoja nje baharini ambako athari ya mto imekwisha. Hizo ndizo ncha zako mbili. Ncha ikikosewa, kila hesabu itakayofuata imekosewa pamoja nayo, kwa hiyo chota sampuli tatu tatu hapo hata kama kwingineko unachota mbili.

Hatua ya 2: Chagua saa kabla ya kuchagua siku

Katika mlango wa mto wenye mikoko, DOC ya kituo kilekile inaweza kupanda na kushuka sana ndani ya saa 6. Maji yanapojaa huingia ya baharini, yenye DOC kidogo. Yanapokupwa hutoka yale yaliyolala kwenye tope na kwenye mashimo ya kaa. Simama kando ya kijito cha mikoko mwishoni mwa kupwa uyatazame: yanachuruzika kutoka kingoni yakiwa na rangi ya chai, na hapo ndipo kiwango huwa juu kabisa. Anayechota Jumatatu maji yakijaa na Alhamisi maji yakikupwa, kisha akasema DOC imeongezeka wiki hiyo, amepima mwezi na jua, si ikolojia.

Chota basi katika hali ileile ya maji kila mara, au fuatilia mzunguko mzima wa takriban saa 12 na dakika 25 kwa kuchota kila saa moja. Ukiweza, fanya hivyo wakati wa bamvua na tena wakati wa maji mafu. Andika pia kama ni mchana au usiku, kwani fitoplanktoni (mimea midogo mno inayoelea majini) na nyasi bahari hutoa kaboni zaidi kunapokuwa na mwanga. Mvua ya siku 7 zilizotangulia iandike hata kama unaona haina maana.

Hatua ya 3: Safisha vyombo kama vile kazi yote inategemea hapo

Kazi yote inategemea hapo kweli. Maji ya juu ya bahari kuu yana DOC ya mikromoli 60 hadi 80 kwa lita, na ya kilindi 35 hadi 45. Mikromoli 80 kwa lita ni chini kidogo ya miligramu 1 ya kaboni katika lita nzima. Jasho la kidole, moshi wa injini, mvuke wa spiriti au tone la mafuta ya kujikinga na jua vinatosha kukupa namba nzuri isiyo ya bahari.

Chupa ndogo za kioo za mililita 40 au 60 zioshe, ziloweke usiku kucha kwenye tindikali ya haidrokloriki (HCl) ya asilimia 10, zisuuze mara kadhaa kwa maji safi ya maabara, zikaushe, kisha zichome tanurini kwa nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi kwa saa 4 au zaidi. Joto hilo huteketeza kila alama ya kaboni ogani. Zifunike kwa karatasi ya alumini iliyochomwa pamoja nazo. Vifuniko havichomwi, kwa hiyo vilowekwe kwenye tindikali, visuuzwe, na viwe na tabaka la Teflon upande unaogusa maji.

Chujio za nyuzi za kioo za aina ya GF/F, zenye tundu la mikromita 0.7 hivi, nazo zichomwe kwa nyuzi 450 kwa saa 4. Usizidishe sana moto, nyuzi zitashikana na tundu kubadilika. Huo ndio mpaka wa "iliyoyeyuka": kinachopita chujio ni DOC, kinachobaki juu ni chembe. Ni mpaka wa makubaliano tu, na bakteria wadogo huupita. Ukitumia chujio za mikromita 0.2, usichanganye takwimu zako na za GF/F bila kusema.

Hatua ya 4: Kuchota na kuchuja

Vaa glavu zisizo na unga. Simama upande wa boti unaokabili upepo, injini ikiwa imezimwa. Zamisha chombo chini ya utando wa juu wa maji, maana utando huo hukusanya mafuta na takataka zenye kaboni nyingi na si sampuli ya maji uliyokusudia. Suuza chombo mara 3 kwa maji ya kituo chenyewe, umwage, ndipo uchote. Bomba za mpira hutoa kaboni, kwa hiyo tumia za silikoni zilizosafishwa au za Teflon.

Chuja haraka, ndani ya saa chache, na kwa mvuto wa dunia au msukumo mdogo sana. Pampu ya nguvu hupasua seli za fitoplanktoni, na yaliyomo ndani humwagika kwenye sampuli yako. Hapo utakuwa umetengeneza DOC badala ya kuipima. Ikiwa maji yana tope na chujio limeziba, badilisha chujio, usiongeze nguvu. Mililita 100 za kwanza zinazopita zimwage, kwa kuwa zinaosha chujio na kishikio chake. Kisha jaza chupa kwa kiasi cha robo tatu tu iwapo utaigandisha, la sivyo barafu itaipasua.

Kila siku ya kazi tengeneza sampuli tupu 2 au 3: maji safi ya maabara uliyoyabeba mpaka botini, ukayapitisha kwenye chujio hizohizo, chupa hizohizo, tindikali hiyohiyo. Zinakula muda na hakuna atakayekusifu kwa ajili yake, lakini bila hizo huna la kumjibu anayekuuliza kama mikromoli 10 ulizoziona zilitoka ghubani au zilitoka mkononi mwako.

Hatua ya 5: Tia tindikali, hifadhi gizani

Tindikali huwaua bakteria na hugeuza kaboni isiyo ogani kuwa gesi itakayofukuzwa baadaye. Kwa maji ya bahari ya kawaida, mikrolita 100 za HCl safi ya molari 4 kwa mililita 60 hukufikisha kwenye pH kati ya 2 na 3. Maji ya mto uliopita kwenye miamba ya chokaa yanaweza kuhitaji zaidi. Usizamishe karatasi ya pH ndani ya chupa. Toa tone moja kwa pipeti safi, lidondoshe juu ya karatasi, basi.

Sampuli zilizotiwa tindikali zikae gizani kwa nyuzi 4, au zigandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Ya kupima rangi ya maji iweke chupa nyingine, bila tindikali na bila kugandisha, kwa sababu vyote viwili hubadili jinsi molekuli zinavyofyonza mwanga.

Hatua ya 6: Pima jirani zake

DOC peke yake haisemi ilikotoka. Kutoka maji yaleyale, saa ileile, pima uchumvi na joto, klorofili-a (rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa fitoplanktoni), naitrati, fosfati na silika, oksijeni, na chembe zinazoelea. Uchumvi upime kwenye maji ya chupa yenyewe, si kwa kukadiria kutoka kituo cha jirani.

Kisha pima ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita, kuanzia nanomita 250 hadi 600. Kwa bei ndogo kipimo hiki hukueleza mengi. Gawanya ufyonzaji wa nanomita 254 kwa DOC: thamani kubwa ni dalili ya kaboni yenye pete za kemikali, ambayo kwa kawaida hutoka nchi kavu. Mteremko wa mkunjo kati ya nanomita 275 na 295 nao una habari. Kwenye maji ya mito huwa karibu na 0.015 kwa nanomita, na hupanda kadiri unavyoelekea bahari kuu na kadiri jua linavyoyachoma maji. Mimi nikilazimishwa kuchagua kipimo kimoja cha kuongeza juu ya DOC na uchumvi, huchagua hiki.

Hatua ya 7: Maabarani

Njia inayotumika zaidi ni kuchoma sampuli kwenye bomba lenye kichocheo cha platini, kwa joto la nyuzi 680 hadi 720, na kupima kaboni dioksidi inayotoka kwa kigunduzi cha infraredi. Kabla ya hapo sampuli hupulizwa kwa gesi isiyo na kaboni dioksidi. Usiufupishe mpulizo huo. Maji ya bahari yana karibu mikromoli 2000 kwa lita za kaboni isiyo ogani, na asilimia 1 tu yake ikibaki imekuongezea mikromoli 20 za uongo.

Sanifisha mashine kwa miyeyusho ya potasiamu haidrojeni ftalati, ambayo kaboni yake inajulikana kwa hakika. Gramu 2.125 katika lita moja hutoa miligramu 1000 za kaboni kwa lita, nawe unazimua kutoka hapo. Kila sampuli ichomwe mara 3 hadi 5, na tofauti kati yao isizidi asilimia 2 hivi. Baada ya kila sampuli 6 au 8 weka maji safi na maji rejea ya kilindi, yaani maji ambayo DOC yake inajulikana tayari. Chuo Kikuu cha Miami kimekuwa kikigawa maji rejea ya aina hiyo kwa maabara za dunia, yenye DOC ya mikromoli 40 na ushei, na ukiyapata maji hayo na mashine ikakupa 55, simamisha kazi.

Ukali huu una historia. Mwaka 1988 Sugimura na Suzuki wa Japani walichapisha viwango vya DOC vya juu mno kuliko vilivyojulikana, na kwa miaka kadhaa wanakemia wa bahari waligawanyika juu ya ukubwa wa hazina nzima ya kaboni baharini. Wataalamu walikutana Seattle mwaka 1991 kulinganisha mashine zao, na mwaka 1993 Suzuki aliyaondoa matokeo hayo. Katika mjadala ule ilidhihirika jinsi kaboni ya mashine yenyewe, ile ambayo sampuli tupu hufichua, inavyoweza kupotosha kila kitu.

Chumvi ya bahari hujikusanya juu ya kichocheo. Ukiona vilele vya grafu vinapanuka na kuburuta mkia, kioshe au kibadilishe.

Hatua ya 8: Hesabu ya uchumvi

Chora grafu: uchumvi chini, DOC pembeni. Unganisha ncha zako mbili kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ni DOC ambayo ingekuwepo kama maji ya mto na ya bahari yangechanganyika tu bila chochote kuongezeka wala kupungua njiani.

Tuseme mto una mikromoli 500 na bahari yenye uchumvi 35 ina 80. Penye uchumvi 20, sehemu ya maji ya mto ni 15 kwa 35. Tofauti ya 420 ukiizidisha kwa sehemu hiyo unapata 180, ukaiongeza kwenye 80, unapata 260. Ukipima hapo ukakuta 310, kuna mikromoli 50 zilizoingia njiani. Ukikuta 225, kuna 35 zilizoondoka. Hilo salio, chanya au hasi, ndilo la kutafutiwa kisababishi. Ile 260 ni ya mto, na kuilinganisha na joto au klorofili ni kujidanganya.

Mstari una mitego yake. DOC ya mto ikiwa imebadilika wiki iliyopita, maji ya zamani bado yako ghubani na grafu itapinda bila chochote kutokea. Mto wa pili au chemchemi ya chini ya bahari nayo itapinda grafu, na hapo ndipo silika, au radoni (gesi yenye mionzi itokayo kwenye miamba) kwa maji ya ardhini, inaposaidia kutenganisha vyanzo. Katika wangwa au ghuba iliyofungika, mvukizo hupandisha vyote pamoja: maji ya 80 yakipanda kutoka uchumvi 35 hadi 38 yatasoma karibu 87 bila kaboni hata chembe kuongezeka.

Hatua ya 9: Tafuta kisababishi cha salio

Salio chanya lenye ufyonzaji mkubwa wa nanomita 254, lililo kubwa zaidi maji yakikupwa, linaelekeza kwenye mikoko au tope. Mikoko inastahili kutazamwa kwa heshima: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliipa zaidi ya asilimia 10 ya DOC yote inayotoka nchi kavu kwenda baharini, ilhali inafunika chini ya asilimia 0.1 ya uso wa mabara.

Salio chanya lisilo na rangi, mchana, kwenye maji maangavu, ni la nyasi bahari, mwani au fitoplanktoni. Hapa wengi hukata tamaa kwa kuwa klorofili haiendi sambamba na DOC. Haipaswi. Fitoplanktoni hutoa kaboni nyingi hasa virutubisho vinapokwisha na mwanga ukiwa bado upo, na nyingine hutoka wanapoliwa au kupasuliwa na virusi. Kwa hiyo kilele cha DOC mara nyingi huja baada ya kilele cha klorofili. Linganisha salio la leo na klorofili ya wiki moja au mbili nyuma.

Majitaka huja na naitrojeni, fosfati na oksijeni iliyoshuka. Upepo mkali kwenye maji mafupi huinua mashapo, nayo huachia DOC iliyokuwa imefungwa. Kwa upande wa kushuka, maji ya kilindi yakipanda pwani huwa baridi, yana naitrati nyingi na DOC kidogo, na anayeona naitrati imepanda akatarajia DOC ipande siku hiyohiyo atashangaa. Jua nalo huvunja molekuli zenye rangi: sehemu hugeuka kaboni dioksidi, sehemu huwa vipande vidogo vinavyoliwa na bakteria.

Usivitupe visababishi vyote pamoja kwenye modeli moja ya takwimu. Msimu wa mvua hubadili uchumvi, joto, naitrati, klorofili na tope kwa mpigo, na kompyuta haiwezi kujua nani alifanya nini. Chagua viwili au vitatu vyenye sababu ya kimaumbile, uvijaribu juu ya salio.

Pale takwimu zinapogoma kuamua, jaribio la chupa huamua. Chuja maji kwa mikromita 0.2, ongeza asilimia 10 ya maji yaleyale yenye bakteria, weka gizani kwa joto la ghuba, na upime DOC siku ya 0, 1, 3, 7, 14 na 28. Kinachoshuka ni kile ambacho bakteria wanakiweza. Seti nyingine, iliyochujwa bila kuongezwa bakteria, iweke juani kwenye mirija ya kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia sehemu ya miale ya urujuanimno inayofanya kazi hiyo.

Hatua ya 10: Kutoka namba hadi tani

Wasimamizi wa pwani huuliza tani, si mikromoli. Zidisha mikromoli kwa 12 upate mikrogramu. Mto wenye mikromoli 400 una gramu 4.8 za kaboni katika mita ya ujazo. Ukitiririsha mita za ujazo 50 kwa sekunde, unapeleka baharini gramu 240 kila sekunde, yaani takriban tani 20.7 kwa siku.

Lakini usizidishe wastani wa mwaka wa DOC kwa wastani wa mwaka wa mtiririko. Katika mito mingi DOC hupanda maji yanapofurika, kwa sababu mvua huosha tabaka la juu la udongo, na wastani kwa wastani hupunguza jumla. Ikiwa bajeti yako inaruhusu safari 12 kwa mwaka, usizigawe moja kila mwezi. Tumia 6 kwa miezi ya kawaida, na 6 zitunze kwa ajili ya mafuriko: moja maji yanapoanza kupanda, moja kwenye kilele, nyingine yanaposhuka, kisha rudia kwa mvua kubwa ya pili. Chupa zilizochomwa zikae tayari ndani ya sanduku lililofungwa, kwa kuwa mvua ya namna hiyo haitakupa saa 4 za kusubiri tanuri.